Kuhesabu Majiko Kabla ya Kununua Ploti

Nilikuwa broka. Neno hili nimelikana karibu maisha yangu yote ya kazi: kanisani, kwenye harusi za wapwa wangu, na kwenye fomu za benki, ambako palipoulizwa kazi yangu niliandika "mshauri wa mali isiyohamishika", maneno ambayo hayakuwahi kuenea katika nafasi waliyoacha. Mama yangu, aliyeuza ng'ombe ili nisome chuo kikuu, alifariki akiamini kwamba nafanya kazi serikalini, idara fulani inayohusika na ardhi. Sikumdanganya. Nilimwacha tu aamini, jambo ambalo, kama mtakavyojifunza, ni nusu ya kazi yetu.

Nimestaafu mwaka huu. Vijana wa ofisi walinipa keki na saa ya ukutani, kisha wakaniomba niandike kidogo kuhusu kazi ilivyokuwa zamani ili wageni wasome. Nadhani walitaka mbinu. Mbinu zipo, nitawapa. Lakini msitarajie habari za vyeo, maana ofisi yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye ofisi na yule mwingine. Wala za mapato, ambayo yalikuja kama mvua ya Ukambani na kwa sababu zilezile zisizoeleweka.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimefundisha jiografia katika shule ya wasichana, nikichora tabaka za udongo ubaoni, hadi nilipotambua kwamba najua udongo wa Brazili kuliko ninavyojua bei ya kipande kimoja cha udongo hapa Machakos. Bwana Musembi alikuwa na ofisi juu ya duka la saruji na misumari. Ujanani aliwafanyia kazi wapima ardhi, akiwabebea vyuma vya mipaka, na alipowaacha aliamua kwamba anajua kila kona ya wilaya. Alikosea kidogo sana. Alikuwa mnene, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata Januari, na aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza kwa sauti ambayo sijui mpaka leo kama ilikuwa ya heshima.

"Mwalimu, unajua kupika?"

Nikamwambia nina shahada.

"Sijauliza hiyo. Nauliza kupika."

Nikamjibu kwa ukali kwamba kama anatafuta mtu wa kumchemshia chai, atafute mwingine. Akachukua kofia yake. "Twende," akasema.

Alinipeleka kwenye boma moja nje ya mji lililokuwa likiuzwa. Mwenye kuuza alitutembeza: mstari wa mkonge unaoonyesha mpaka, matuta, kisima, zizi. Mimi niliuliza maswali ya kisomi kuhusu mteremko. Musembi hakuuliza kitu. Alienda nyuma ya nyumba kama mtu anayetafuta choo, akakawia, akarudi. Tulipokuwa njiani akaniuliza, "Umeona jiko ngapi?"

Sikuwa nimeona hata moja.

"Ziko tatu. Moja iko na moshi. Moja iko na jivu ya leo. Ingine imefungwa lakini kuni ni mpya. Na huyo mzee alileta kwa ofisi bibi mmoja, akasema ndio bibi yake. Sasa hao wengine wawili wako wapi?"

"Labda wamesafiri," nikasema.

"Mwalimu. Hati itakuonyesha jina ya mtu. Jiko itakuonyesha nani anakula hapa. Na hao wanaokula ndio watakuja na panga siku unachimba msingi."

Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Katika boma la kwetu kila mke ana jiko lake, kibanda chenye mlango wake, na kila jiko lina watoto, na kila mtoto anajua ni wapi mbegu za mama yake hupandwa. Majina hayo hayako kwenye rejista. Ofisi ya ardhi inamjua mtu mmoja, mara nyingi marehemu. Kwa hiyo kabla ya kufanya sachi, yaani kwenda kuangalia kwenye rejista shamba ni la nani, tulikwenda kwanza kunusa moshi. Tulifika karibu saa sita mchana, wakati muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, uko motoni na hakuna anayeweza kuficha jiko. Wenzetu walituona wachelewaji. Wakati ule kila ofisi ya mji ilikuwa na mteja aliyetaka kununua kabla jua halijatua, na ploti uliyoiacha asubuhi ukachunguze ilikuwa imeshauzwa ukirudi.

Vifaa vyetu vilikuwa futi ya kamba, panga la kufyekea, viatu vya mpira, na chuma kirefu cha kuchomea udongo. Chuma hicho mkithamini. Tambarare ya kuelekea Mto Athi ina udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, na nyumba iliyojengwa juu yake bila kuchimba hadi kwenye mwamba hufunguka kutoka dirishani hadi kwenye paa kama ganda la yai. Wanunuzi wa Nairobi hawakutaka kusikia hilo. Walitaka kujua ni dakika ngapi hadi kazini. Na kisima kionjeni wenyewe. Musembi alionja maji mbele ya muuzaji, akayazungusha mdomoni, akatema, akasema "Chumvi," na bei ikashuka.

Nitawapa kisa kimoja, ingawa kipo katika kila ofisi. Mwalimu mstaafu wa Masii alinunua ploti kwa mafao yake yote, pazuri, tambarare, mchanga mweupe mwepesi kuchimba. Novemba akaja kutuona akiwa amelowa hadi magotini. Nilimuuliza aliiona ploti mwezi gani. Agosti, akasema. Kila mto wa hapa ni ploti nzuri mwezi wa Agosti. Alikuwa amenunua kwingine, kwa hiyo hatukuwa na la kumfanyia isipokuwa kumpa chai, na Musembi akasahau kutia sukari kwenye chai ya mgeni, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili ya msiba mkubwa.

Musembi alifariki kwa presha miaka ya tisini ikielekea ukingoni, naye alikuwa bado hajajenga kwake. Aliishi nyumba ya kupanga nyuma ya soko. Mimi pia nimepanga hadi leo, kwa hiyo msinicheke, au chekeni, lakini chekeni mkikumbuka kwamba daktari wa meno naye hung'olewa na mwingine. Nilibaki na ofisi, futi, chuma, na wateja waliokuwa wakiniuliza yule mzee yuko wapi.

Hapo ndipo nilipojiunga na chama cha akina mama. Walikuwa walimu, muuguzi mmoja, wenye vibanda, na mwenyekiti wetu Mama Kioko, aliyeuza sare za shule na aliyeweza kukata kitambaa na kusuluhisha ugomvi wa ndoa kwa wakati mmoja. Tulianza kwa kununuliana sufuria, tukafika kwenye matangi ya maji, kisha tukataka ardhi, kama kila mtu. Tulishindwa mara kadhaa. Wanaume walikuja na hundi, sisi tulikuja na ajenda. Tulipomaliza kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita, shamba lilikuwa limekwisha wekwa ua.

Kisha Mutua akaja ofisini. Alikuwa mtu wa kama miaka arobaini, mpole, mwenye kuomba radhi kabla ya kukaa. Alikuwa na shamba upande wa Kalama, juu kidogo ya barabara ya vumbi, ambalo lilikuwa la baba yake mdogo. Baba huyo mdogo alifariki zamani. Mjane wake, mwanamke mzee aliyeitwa Syombua, alilima pale hadi naye akafariki. Hakuacha mtoto, Mutua akasema, na mahakama ilikuwa imempa yeye urithi kama ndugu wa karibu, baba yake mzazi akimwachia nafasi hiyo. Hati ilikuwa safi. Nilifanya sachi, ikarudi safi. Nilifurahi jinsi mtu anavyofurahi akipata kiti benki.

Nilikwenda kuliona saa sita mchana. Kulikuwa na nyumba moja ya matofali na majiko mawili nyuma yake. La kwanza lilikuwa limefungwa kwa kamba, la marehemu. La pili lilitoa moshi. Mwanamke wa makamo alitoka akijifuta mikono kwenye leso, akanitazama viatu vyangu vya mpira.

"Karibu. Wewe ni broka?"

"Hapana," nikasema. "Mimi ni mshauri."

"Unashauri nini?"

Nikamuuliza yeye ni nani hapo nyumbani.

"Mimi ni bibi ya hapa."

"Bibi ya nani?"

"Ya Syombua."

Ninyi wageni mtakaotoka mikoa mingine, hili nitawaeleza mara moja. Kwetu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa. Alitoa mbuzi wa mahari kwa mkono wake, akamleta msichana nyumbani, na watoto waliozaliwa na msichana huyo wakawa wa boma lile, wakaitwa kwa jina la mume wake marehemu. Mke wa namna hiyo huitwa iweto. Si mfanyakazi wala si mtoto wa kupanga. Ni mke, na anapewa jiko lake siku anapofika. Mimi nilijua haya tangu utotoni, shangazi wa baba yangu alioa hivyo. Lakini nilikuwa na hati mkononi, na hati ina namna ya kumfanya mtu aulize jina la bwana.

Alikuwa anaitwa Mbithe, na jirani zake walimwita Mama Mutuku kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa na watoto watatu, wote wamezaliwa pale, wakubwa wawili wakichonga vinyago kwenye karakana moja Wamunyu na kutuma chochote walichopata. Alimwuguza Syombua hadi mwisho, akamwosha, akamzika chini ya tuta la juu.

"Mutua amesema wewe ulikuwa mfanyakazi," nikamwambia. Nilidhani ni vizuri asikie kutoka kwangu.

Hakupandisha sauti. "Alikuja hapa akiwa mdogo na kamasi, akakula kwa hii jiko. Alikuwa ananiita mama mdogo. Sasa mimi ni mfanyakazi. Nani alikuwa ananilipa?"

"Uko na shahidi wa mahari?"

"Wale walikula mbuzi wamekufa. Amebaki mmoja."

"Nani?"

"Baba ya Mutua."

Nilimshauri aende mahakamani. Nilikuwa mshauri, ilinibidi nishauri kitu. Nikamwambia kuna wanawake kama yeye waliosikilizwa na majaji wakapewa haki yao. Akaniuliza inachukua muda gani, na nani analipa wakili, na kama atakuwa anakaa wapi wakati huo, maana siku tatu kabla yangu bwana mmoja wa Nairobi alikuja na futi yake, akapima hadi mlangoni kwa jiko lake, yeye Mbithe akiwa amesimama ndani, na akamwomba ahame kidogo apitishe kamba.

Jambo lililokuwa mezani tangu siku hiyo lilikuwa moja, na sitalizungusha: Mbithe abaki au atolewe.

Nilifikiri usiku na mchana, nikapata mpango ambao ulionekana kwangu mzuri kuliko wowote niliowahi kuubuni. Chama kingenunua. Tungejenga vyumba vya kupangisha chini, kando ya barabara, na sehemu ya juu, yenye nyumba, majiko na kaburi, tungeikata na kumwandikia Mbithe. Yeye angetutunzia vyumba, na sehemu ya kodi ingehesabiwa kuwa malipo yake ya kipande hicho hadi amalize. Mutua angepata pesa zake, bwana wa Nairobi angekwenda kupima kwingine. Nilipoeleza kwenye mkutano, Mama Kioko alivua miwani.

"Kwa hivyo sisi tunanunua shamba kutoka kwa mwizi ndio tumrudishie mwenyewe?"

"Sehemu," nikasema.

"Na hiyo ingine tunajenga."

"Ndiyo."

"Mwalimu," akasema, "wewe ulipoteza wakati kwa hiyo chaki." Na wakapiga makofi. Kwa mara ya kwanza tulimaliza ajenda kabla ya chai.

Tulinunua. Siku ya Bodi, ile kamati inayopaswa kuidhinisha kila mauzo na kila mgawanyo wa shamba, waliuliza kama mke wa muuzaji anakubali. Mke wa Mutua alisimama akasema anakubali. Hakuna aliyeuliza kama kuna mke mwingine pale shambani, mke wa mwanamke, na mimi nilikaa kimya kwa sababu kimya changu siku hiyo ndicho kilichokuwa kinamwokoa. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Jumamosi iliyofuata Mbithe alitualika. Alipika muthokoi kwa kunde katika chungu kikubwa cha Syombua, akafungua lile jiko lililokuwa limefungwa ili wengine wakae humo, na sote tulikula, wengine wamekaa kwenye vigoda, Mama Kioko kwenye kinu kilichopinduliwa, akilalamika kwamba kinu hakikutengenezwa kwa watu wa umbo lake. Baada ya kula nilitoa karatasi. Nilikuwa nimeandika makubaliano: sehemu ya juu, mipaka yake, kwamba chama kinamshikia tu hadi mgawanyo upite. Ilibaki sahihi.

Mbithe aliitazama ile karatasi kama mtu aliyeonyeshwa nyoka mezani.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya kukulinda, Mama Mutuku."

"Kutoka kwa nani?"

Mbithe aliweka mwiko chini.

"Mmekula kwangu," akasema. "Mmekula kwa jiko ya mama. Sasa mnaniletea karatasi, kama mimi ni mtu ya kuibia watu, ama nyinyi ndio mtaniibia? Mwalimu, mtu anakula kwa mtu halafu anamwandikisha?"

Mama Kioko alinigusa kiwiko. "Weka hiyo. Unatuaibisha." Na kweli nilikuwa nimewaaibisha. Kila mtu pale alijua, mimi pia, kwamba ukishakula katika jiko la mke, umemkubali kuwa mwenye boma. Kudai sahihi baada ya hapo ni kurudisha chakula kwenye sahani. Niliikunja karatasi, nikaiweka ndani ya mkoba. Nimesoma chuo kikuu, nimefanya kazi ya mipaka muda mrefu, na mbele ya chungu kile nilikuwa mtu wa Ukambani tu. Nawaandikia ninyi vijana jambo hili bila kujua niwaambie mngefanya nini. Kama ningesisitiza, angetufukuza, na angekuwa na haki.

Miaka michache ilipita vizuri, nikisema vizuri kwa kipimo cha kazi yetu. Vyumba vilipangwa na makarani, wauza mitumba, kijana fundi wa redio. Mbithe aliamka mapema kufagia ua, akawakemea wapangaji walioacha mifereji wazi, na wao wakaanza kumwita landilodi, jambo lililomfanya acheke hadi ashike ubavu. Mgawanyo haukupita. Mpima ardhi alipotea, akarudi, akapotea. Bodi iliahirishwa, faili ilikwenda makao makuu ikarudi na maelezo kwamba ramani haina sahihi, ikatiwa sahihi, ikarudi na maelezo kwamba sahihi iko mahali pasipo pake. Nilikwenda kila mwezi. Makarani walinizoea hata wakawa wananiuliza habari za magoti yangu.

Kisha uvumi ukaanza kwamba barabara ile itawekwa lami. Hakuna aliyeona tingatinga, lakini bei haingoji tingatinga. Ofisi yangu ilijaa watu wasiotaka kukaa. Mashamba ya upande ule yalianza kuuzwa na kuuzwa tena kabla nyasi zilizofyekwa hazijakauka. Bwana wa Nairobi, yule yule mwenye futi, alinipigia akasema anataka lote kutoka barabarani hadi juu, kwamba vipande havimfai, kwa sababu alikuwa na nia ya kujenga maghorofa na njia ya magari. Bei aliyoitaja niliificha kwenye mkutano kwa muda mfupi, kisha nikaisema, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuisema, na kwa sababu alikwisha mpigia Mama Kioko.

Sitaki muwaone wenzangu kuwa watu wabaya. Muuguzi alikuwa amestaafishwa mapema. Walimu wawili walikuwa na watoto waliokosa karo ya chuo. Mume wa Mama Kioko alikuwa ameanza kuoshwa damu kwa mashine Nairobi, na hilo likimalizika wiki hii linaanza wiki ijayo. Duka la sare lilikuwa limebaki na sare za shule moja.

"Tungojee mgawanyo upite," nikawaambia. "Tumwandikie Mama Mutuku sehemu yake, tuuze ya chini."

"Huyo mtu hataki ya chini," Mama Kioko akasema.

"Basi tusimwuzie."

"Mwalimu, wewe umeuza mashamba ya watu miaka mingapi? Leo ndio umeokoka?"

Walicheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli na ilisemwa vizuri. Muuguzi akasema tungeweza kumtafutia Mbithe mahali pengine, nafuu, mbali kidogo. Nikauliza kama na kaburi lingehamishwa. Mtu akasema makaburi siku hizi yanahamishwa. Hakuna aliyecheka hapo.

Nilikwenda kwa wakili. Nilimweleza yote, tangu mbuzi wa mahari hadi chungu. Alinisikiliza kwa adabu, kijana aliyeweza kuwa mwanafunzi wangu. Akasema kwamba Mbithe alikuwa na kesi nzuri sana dhidi ya Mutua. Mke wa aina yake angeweza kudai urithi. Lakini Mutua hakuwa tena na shamba. Shamba lilikuwa na mnunuzi aliyelinunua kihalali, kwa bei ya soko, hati safi, Bodi imeidhinisha. Na dhidi ya mnunuzi wa namna hiyo hakuwa na karatasi yoyote.

"Mnunuzi huyo ni nani?" akaniuliza. Hakuwa amesikia vizuri.

"Ni sisi," nikasema.

Nilikaa ngazini nje ya ofisi yake hadi mlinzi akaniuliza kama ni mgonjwa. Ningalimwacha Mbithe mikononi mwa mwizi, angalikuwa na mtu wa kumshtaki. Tulimtoa mikononi mwa mwizi tukampa watu wema, na watu wema hawashtakiki. Nimetafuta kosa katika mpango ule kama mtu anavyotafuta nyufa kwenye ukuta, nikigonga kila mahali. Kila tofali ni zima. Nyumba ndiyo iliyoanguka.

Nilimpelekea Mbithe maneno kwa sehemu. Nilimwambia kuna wanunuzi. Alikuwa akipepeta kunde.

"Wanunuzi hawaishi," akasema. "Lakini si nyinyi ndio wenye shamba?"

"Ni sisi."

"Basi." Na akaendelea kupepeta.

Mkutano wa mwisho uliitishwa siku ya Bodi. Sijui kama ilikuwa bahati mbaya au ratiba, na sikuuliza, kwa sababu jibu lolote lisingenisaidia. Mpima ardhi alikuwa hatimaye ameleta ramani yenye sahihi mahali pake, na faili yetu ilikuwa kwenye orodha ya siku hiyo. Nilihesabu hivi: mgawanyo ukipita asubuhi, jioni nitakuwa na kipande kinachoweza kuandikwa jina la Mbithe, na bwana wa Nairobi hatakuwa tena na kitu kizima cha kununua. Nilimtumia muuguzi kura yangu, kwamba nakataa. Nikaenda kukaa kwenye benchi nje ya ukumbi wa Bodi, kati ya wazee waliokuja kugawia wana wao mashamba na vijana waliokuja kuhakikisha kwamba wazee hawabadilishi nia.

Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa milima. Mzee aliyekuwa karibu yangu alilitazama, akasema mbegu zake ziko tayari. Karani akatoka, akasoma nambari ya shamba lililokuwa mbele yetu kwenye orodha. Simu yangu ikalia. Ilikuwa moja ya zile kubwa za mwanzo, nikaipata kwenye mkoba chini ya ramani.

"Mwalimu, uko wapi?" Alikuwa Mama Kioko.

"Niko Bodi. Tuko karibu kuitwa."

"Toa hiyo faili."

Nikaivuta faili karibu nami.

"Tumepiga kura," akasema. "Tunauza yote. Huyo mtu anataka kwa pamoja ama aende kwingine, na amepewa kwingine. Nimekuwa natetemeka tangu asubuhi, usinigombeze."

"Sikugombezi."

"Toa faili kabla hawajasoma. Wakigawanya atakataa."

"Ni wangapi waliokataa?"

"Usiulize hiyo." Nilisikia vikombe nyuma yake, na mtu akiuliza kama kuna maziwa zaidi. "Kura yako tulisoma. Tulisoma kwa sauti."

"Na Mama Mutuku?"

Karani alikuwa amesimama mlangoni akisoma nambari yetu, akairudia, akaangaza macho kwenye benchi.

"Tumeonelea umwambie wewe," Mama Kioko akasema. "Kwako atasikia. Na Mwalimu, nenda leo. Mvua iko karibu. Mwambie kabla hajapanda, asipoteze mbegu."